Je, daktari ananizungusha? Kuhusu pandikizi la jino na mfupa wa taya

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Daktari, shikamoo. Niling'olewa gego la chini miezi mitano iliyopita baada ya kuvunjika. Daktari wa kwanza alipoangalia alisema taya limekuwa jembamba, hivyo niongezewe mfupa kwanza, nikae miezi sita, ndipo niwekewe pandikizi, halafu nisubiri tena miezi mitatu kabla ya kupata jino lenyewe. Wa pili anasema kwake pandikizi na jino vyote huwekwa siku moja. Nina miaka 52 na nina kisukari, natumia vidonge. Yule wa kwanza ananizungusha? Na hivi kweli mfupa unaweza kushikana na chuma?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na linalokukera. Kwa maelezo uliyonipa, sioni kama daktari wa kwanza anakuzungusha. Wa pili naye simwiti mwongo, maana hilo analolisema lipo na linafanyika vizuri kwa wagonjwa wanaolifaa. Wanachopishana ni taya wanalolizungumzia. Wa kwanza amelitazama lako. Wa pili, kama bado hajakupiga picha, anazungumzia taya la mtu mwingine kabisa.

Swali lako la mwisho ndilo lenye ufunguo wa yote, kwa hiyo nalitanguliza. Pandikizi ni skrubu ya metali iitwayo titani, inayopachikwa tayani iwe mzizi wa jino bandia. Ndiyo, mfupa hushikana na metali, ila si metali yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Lund nchini Uswidi, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyozunguka ndani ya mfupa. Alipachika vifaa vidogo vya titani vyenye nafasi ya kuchungulia kwenye miguu ya sungura. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kuvitoa avitumie tena, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeota ukaigusa titani moja kwa moja. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba mwili hukizungushia kitu kigeni kovu laini, na hatimaye hukitema, kwa hiyo alipoanza kusema kwamba titani inaweza kuwa mzizi wa jino bandia wengi hawakumwamini. Hata hivyo mwaka 1965, huko Gothenburg, alimwekea skrubu za titani mgonjwa wake wa kwanza, mtu aliyekuwa hana meno taya la chini, na zilimtumikia hadi alipofariki zaidi ya miaka 40 baadaye. Huko Uswisi, André Schroeder na wenzake wakaonyesha kwa hadubini mfupa ukiwa umegusana na pandikizi pasipo kovu katikati. Baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, madaktari wa Amerika Kaskazini nao wakakubali.

Siri ya titani ni kwamba ikigusa hewa tu hujivika tabaka la oksaidi lenye unene wa nanomita chache. Tabaka hilo ndilo linalokutana na damu yako. Haliliwi na majimaji ya mwili, na protini za damu hulishika mara moja. Kwa seli za mfupa, hapo si mahali pa kukimbia.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya tundu, kwa sababu hapo ndipo miezi yako yote inapokwenda.

Daktari hutoboa mfupa kwa hatua, kila ncha ya kutobolea ikiwa nene kidogo kuliko iliyotangulia, huku maji baridi ya chumvi yakimwagika muda wote. Maji hayo ni ya lazima. Mwaka 1983 Eriksson na Albrektsson walionyesha kwa sungura kwamba mfupa uliopashwa joto la nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja huharibika, na sehemu yake huliwa baadaye. Nyuzi 47 si joto la kuunguza ngozi yako papo hapo, lakini kwa seli za mfupa ni nyingi. Kwa hiyo ukimwona daktari anatoboa, anainua, anatoboa tena, elewa kwamba anaupoza mfupa.

Kisha skrubu inakazwa kwenye tundu lililo jembamba kidogo kuliko yenyewe. Siku hiyo ya kwanza inashika sawasawa na skrubu kwenye mbao, kwa kubanwa tu. Hakuna seli hata moja iliyokwisha kufanya kazi.

Baada ya saa chache, nafasi ndogo zilizobaki kati ya mizunguko ya skrubu na mfupa zimejaa damu iliyoganda. Chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoigandisha, zilizonaswa kwenye mgando huo humwaga kemikali zinazoita seli nyingine. Karibu siku ya nne mgando unaanza kupisha tishu changa iliyojaa vimishipa vya damu. Wiki moja ikitimia, mfupa wa kwanza unaonekana: mchanga, uliofumwa ovyo, nyuzi zake zikielekea kila upande. Mfuatano huu tumeuona kwa mbwa, katika kazi ya Berglundh na wenzake iliyochapishwa mwaka 2003, waliotazama jeraha tangu saa mbili baada ya upasuaji hadi wiki ya 12. Kadiri wiki zinavyokwenda, ule mfupa wa haraka hubadilishwa na mfupa wa matabaka, ulio mgumu na uliopangika. Binadamu hupita njia hiyo hiyo, ila mwendo wake ni wa polepole zaidi.

Lakini wakati ujenzi unaendelea, pembeni kuna ubomoaji. Mfupa uliobanwa na skrubu siku ya kwanza ulijeruhiwa, na sehemu yake imekufa. Seli za kula mfupa zinakuja kuusafisha. Kwa hiyo ule mshiko wa kubanwa unapungua, na mshiko mpya wa mfupa unaoota bado haujakomaa. Kati ya wiki ya pili na ya nne hivi, pandikizi huwa dhaifu kuliko lilivyokuwa siku lilipowekwa. Naomba ulishike hili kuliko lingine lolote ninalokuandikia, kwa sababu ndicho kipindi ambacho mgonjwa hujiona amepona. Uvimbe umekwisha, nyuzi za kushonea zimetolewa, maumivu hayapo, na ulimi umeshazoea. Basi anaanza kutafunia upande ule.

Mfupa mchanga huvumilia mtikisiko mdogo sana. Mpaka unaotajwa katika tafiti ni kati ya mikromita 50 na 150, yaani karibu sehemu ya kumi ya milimita. Pandikizi likichezacheza zaidi ya hapo, seli ambazo zingejenga mfupa hujenga kovu laini. Mara nyingi hakuna maumivu makali ya kukustua. Miezi inapita, unaona kitu kinacheza, na daktari anakifungua kwa urahisi wa ajabu. Hiyo ndiyo sababu Brånemark aliagiza pandikizi lifunikwe na ufizi na kuachwa miezi mitatu taya la chini, na hadi miezi sita taya la juu, ambako mfupa kwa kawaida ni laini zaidi.

Muda huo umefupishwa tangu enzi zake, na uliofupisha ni uso wa pandikizi. Skrubu za mwanzo zilikuwa laini, kama zilivyotoka kwenye mashine. Mwaka 1991 Buser na wenzake walilinganisha nyuso mbalimbali kwa nguruwe wadogo, wakakuta kwamba uso uliokwaruzwa kwa kupuliziwa chembe ngumu na kisha kuliwa na asidi unapata mguso mkubwa wa mfupa kuliko ule laini. Leo, kwenye mfupa mzuri wa taya la chini, madaktari wengi huweka jino baada ya wiki sita hadi nane. Ile miezi mitatu uliyotajiwa ni ya tahadhari, na kwa mtu mwenye kisukari mimi ningeiacha kama ilivyo.

Tuje kwenye ile miezi sita mingine, ya kuongezewa mfupa, ambayo naona ndiyo iliyokutia shaka.

Kingo za taya zinazoshikilia meno zinaishi kwa ajili ya meno. Jino likiondoka, tabaka la mfupa lililokuwa limefungamana na mzizi wake halina tena kazi, nalo huyeyuka. Upande wa nje, wa shavuni, ukuta ni mwembamba, na sehemu kubwa ya ukingo wake wa juu ni tabaka hilo hilo. Ndiyo maana taya hupungua zaidi upande huo. Araújo na Lindhe walilionyesha hili kwa mbwa mwaka 2005. Kwa binadamu, Schropp na wenzake huko Denmark waliwafuatilia wagonjwa 46 waliong'olewa gego au jino la kabla ya magego. Baada ya miezi 12 upana wa taya mahali hapo ulikuwa umeshuka kwa wastani kutoka milimita 12 hadi karibu 6, na thuluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi mitatu ya kwanza. Wewe una miezi mitano. Sehemu kubwa ya hasara imeshapita.

Piga hesabu nami. Pandikizi la gego mara nyingi lina kipenyo cha milimita 4 au zaidi. Tunapenda kubakiza angalau milimita 1.5 za mfupa kila upande, kwa sababu ukuta ukiwa mwembamba kuliko hapo huyeyuka, skrubu ikaanza kuonekana chini ya ufizi. Jumla ni milimita 7. Taya lililobaki na milimita 5 haliwezi kupokea pandikizi hilo likiwa limezungukwa vyema na mfupa, hata likiwekwa na mikono hodari kiasi gani.

Kuongeza mfupa kunafanywa kwa chembe zinazowekwa mahali palipopungua na kufunikwa na utando. Chembe zinaweza kutoka kwenye taya lako mwenyewe, kwa mtu aliyechangia mfupa wake baada ya kufa, kwa ng'ombe, au zikatengenezwa kiwandani kwa madini ya kalsiamu na fosfeti. Zile za ng'ombe zimeondolewa protini zote, yamebaki madini. Isipokuwa za kwako mwenyewe, nyingi hazina seli hai. Kazi yake ni kushikilia nafasi ili mishipa ya damu na seli zako ziingie kutoka pembeni na kujenga katikati yake. Utando nao una kazi mahususi: tishu ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa, na ikiachwa huru itajaza nafasi yote kabla mfupa haujafika. Dahlin na wenzake walionyesha kwa panya mwaka 1988 kwamba ukiizuia kwa utando, mfupa hupata nafasi ya kujaza tundu. Safari hiyo ya mishipa na seli ndiyo inayokula miezi. Chembe za ng'ombe hubaki humo kwa miaka mingi zikiwa zimezungukwa na mfupa wako, na hilo halina ubaya.

Nikiwa hapo, uliza asili ya chembe na ya utando kabla hujasaini fomu. Utando wa kolajeni, protini inayounganisha tishu za mwili, mara nyingi hutoka kwa nguruwe, na wapo wagonjwa ambao dini au msimamo wao hauwaruhusu. Vipo vya aina nyingine. Ni haki yako kuuliza, na daktari mwenye adabu hatachukia.

Kuna swali moja ambalo ningembana nalo daktari wa kwanza: je, haiwezekani kuongeza mfupa na kuweka pandikizi kwa upasuaji mmoja? Kama upungufu ni mdogo, pandikizi linaweza kushika imara kwenye mfupa uliopo, mizunguko michache ya skrubu iliyobaki wazi upande wa shavuni ikafunikwa na chembe na utando siku hiyo hiyo. Hapo unaokoa miezi sita na upasuaji mzima. Kama upungufu ni mkubwa hadi pandikizi halitashika, hatua mbili ndiyo njia salama. Jibu lake lije na vipimo vya milimita. Akisema tu kwamba ndivyo anavyofanya siku zote, endelea kumuuliza.

Na huyu wa pili wa "siku moja"? Maneno hayo yanabeba mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuweka pandikizi siku ile ile jino linapong'olewa. Hilo kwako limeshapita. La pili ni kuweka jino juu ya pandikizi siku pandikizi linapowekwa. Hili linafanikiwa pale ambapo pandikizi limekaza vya kutosha. Madaktari wengi hutaka nguvu ya kukaza ifike angalau Ncm (nyutoni-sentimita) 35, na wengine hupima uthabiti kwa kifaa cha mtetemo chenye alama hadi 100, wakitaka 70 au zaidi. Linafaa hasa kwa mtu asiye na meno kabisa ambaye mapandikizi yake manne au zaidi yanafungwa pamoja na daraja moja, hivyo yanasaidiana kuzuia mtikisiko. Linafaa pia kwa jino la mbele, ambapo jino la muda hutengenezwa fupi ili lisigusane na la upande wa pili. Gego moja, peke yake, mahali panapobeba nguvu kubwa ya kutafuna, kwenye taya jembamba, kwa mwenye kisukari: hapo mimi nisingekubali kuharakisha. Tena gego halionekani unapocheka, kwa hiyo unachokipata kwa kuharakisha ni kidogo, na unachoweza kupoteza ni mfupa ambao tayari ni haba.

Kisukari peke yake hakikufungii mlango. Kilichodhibitiwa vizuri hukaribiana na hali ya mtu asiye nacho. Kisichodhibitiwa hudhoofisha seli za kujenga mfupa, huharibu kolajeni na hupunguza makali ya seli nyeupe dhidi ya vijidudu. Oates na wenzake nchini Marekani waliwafuatilia wagonjwa wa kisukari waliowekewa mapandikizi. Wale wenye kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu, cha zaidi ya asilimia 8 walichukua muda mrefu zaidi kurudisha uthabiti baada ya ule udhaifu wa wiki za mwanzo, ingawa karibu mapandikizi yote yalikuwa yameshika mwaka ulipokwisha. Yaani mfupa wao uliunga, lakini uliunga kwa kuchelewa, na yeyote ambaye angewatwisha jino mapema angeuwahi katika hali mbaya. Pima HbA1c kabla ya kupanga tarehe. Ikiwa juu ya 8, mimi ningeahirisha nikakurudisha kwanza kwa daktari wako wa sukari. Siku ya upasuaji usiache kula wala kubadilisha dozi kwa kukisia; waulize madaktari wote wawili, maana sukari kushuka ukiwa kwenye kiti ni hatari ya haraka kuliko kupanda kwake.

Hukuniuliza hili, lakini kwa umri wako lazima niliseme. Wanawake wengi baada ya hedhi kukoma huandikiwa dawa za kuzuia mifupa kudhoofika: bisfosfoneti, au sindano ya denosumabu. Dawa hizi huzizuia zile zile seli za kula mfupa nilizokueleza. Mwaka 2003 Robert Marx aliripoti wagonjwa ambao mfupa wa taya ulibaki wazi na kufa baada ya kutumia bisfosfoneti. Kwa wanaotumia dozi ya kawaida ya kulinda mifupa hatari ni ndogo. Kwa wanaopewa dozi kubwa kwa sababu ya saratani ni kubwa zaidi. Kama umeshaanza yoyote, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa mfupa. Na usiikatize mwenyewe: kuacha denosumabu ghafla kunaweza kuleta mivunjiko ya uti wa mgongo.

Sigara, kama unavuta, iache. Tafiti nyingi zilizounganishwa zinaonyesha mapandikizi ya wavutaji hufeli karibu mara mbili ya wasiovuta.

Huenda ukatajiwa pia damu yako kuzungushwa kwenye mashine na kurudishwa jerahani kama utando wa fibrini, protini inayogandisha damu. Ni njia salama na husaidia ufizi kufunga vizuri, lakini haifuti ile miezi ya mfupa. Tangu Marshall Urist aonyeshe mwaka 1965 kwamba ndani ya mfupa kuna kitu kinachoamsha mfupa mpya, watafiti wamefika hadi kutengeneza maabara protini zinazofanya kazi hiyo. Zinafanya kazi, na kwa upungufu mkubwa zina nafasi yake. Kwa tundu la gego moja, uvimbe na gharama zake sioni kama vinastahili.

Baada ya hapo matarajio ni mazuri: katika tafiti za muda mrefu, zaidi ya mapandikizi 90 kati ya 100 bado yapo baada ya miaka 10. Yanayopotea baadaye mara nyingi hupotea kwa sababu mfupa wake umeliwa na uvimbe wa vijidudu kuzunguka pandikizi, ambao huwapata zaidi wenye ugonjwa wa fizi na wale ambao sukari yao haijatulia. Ukiona damu unapopiga mswaki pale, usingoje liume.

Kwa sasa omba picha ya CT ya taya, inayoonyesha upana, kwa sababu eksirei ya kawaida huonyesha urefu tu. Mwambie daktari akuandikie upana wa taya mahali pa gego kwa milimita, na urefu wa mfupa ulio juu ya mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Hapo tunataka ncha ya pandikizi ibaki angalau milimita 2 mbali na mshipa. Ongeza na majibu ya HbA1c, uwapelekee madaktari wote wawili. Kama upana ni milimita 7 au zaidi, huenda hauhitaji kuongezewa mfupa kabisa. Ukiwa kati ya 5 na 7, uliza kuhusu upasuaji mmoja. Ukiwa chini ya hapo, mpango wa daktari wa kwanza ndio ningeufuata mimi mwenyewe. Vipimo vikitoka, niandikie tena tuvisome pamoja.